Serikali Haivai Kiraka

Nchi hii haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayedhani anaifahamu amefananisha tu. Watu hufanana, sembuse wizara. Jina lake ni Jamhuri ya Mchakato, na wananchi wake ni wapole, wakarimu, hodari wa kusubiri. Mtoto wa huko hujifunza kupanga foleni kabla ya kutambaa vizuri.

Miaka michache iliyopita Serikali ya Mchakato iliamua kuachana na makaratasi. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya vifo, matokeo ya mitihani, foleni za hospitali, vyote vikaingizwa kwenye mashine moja iitwayo Seva ya Taifa, nayo ikafungiwa ndani ya chumba namba kumi na nne chenye kiyoyozi, zulia jekundu na picha ya Rais. Makaratasi yenyewe hayakupungua. Kuigusa seva kulihitaji barua, na barua ilihitaji nakala sita.

Fundi wa seva hiyo alikuwa Sikudhani, mwanamke wa miaka thelathini na minne, sauti ndogo, hasira kubwa aliyozoea kuimeza na chai ya saa nne. Aliishi na mama yake, Mwalimu Zaituni, ambaye alifundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja na kusahihisha madaftari mpaka macho yakachoka. Mtoto wa jicho alimwingia jicho la kulia, akahamia na la kushoto. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu hajasoma hata kibandiko cha chupa ya dawa.

"Nina watoto wawili," aliwaambia wageni. "Sikudhani, na huyu wa jicho. Wa jicho ndiye anayesikilizwa."

Daktari wa macho huko Mchakato ni wa kuazima. Huja mara moja kwa mwaka, hukaa siku nne, huwafanyia upasuaji watu arobaini, kisha hupanda ndege akaenda zake. Safari hii Mwalimu Zaituni alikuwa namba thelathini na nane, na daktari alitarajiwa baada ya wiki mbili kasoro siku moja. Namba hiyo ilikaa ndani ya seva, na Sikudhani aliichungulia kila asubuhi ili kuhakikisha bado ipo.

Basi Jumanne moja ukaja ujumbe kutoka ng'ambo, kwa watu waliotengeneza programu inayoendesha seva. Watu hawa ni wa ajabu kidogo, kwani huitoa kazi yao bure na hawaombi hata cheti cha shukrani. Ujumbe ulisema kwamba programu imegundulika kuwa na tundu. Mtu yeyote duniani akibisha hodi kwa maneno marefu yaliyopindapinda, mlango unafunguka wenyewe na kumkaribisha mpaka chumbani. Kiraka cha kuziba tundu hilo kiko tayari, hakina malipo, kukiweka ni dakika nne. Tafadhali kiwekwe leo.

Sikudhani alisoma mara mbili. Mtu akiingia kwa tundu lile angeweza kufuta foleni ya macho kwa kidole kimoja, na mama angesubiri mwaka mwingine gizani. Angekiweka kiraka palepale, lakini kulikuwa na Waraka Namba Tisa. Waraka huo ulikata neno la siri la seva vipande viwili: nusu alikuwa nayo Sikudhani kichwani, nusu ilikuwa ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, kwenye kabati la chuma la Mkurugenzi. Bila idhini ya maandishi bahasha haifunguliwi.

Akaketi, akaandika: *Ombi la Kuweka Kiraka kwenye Seva ya Taifa.* Akapeleka kwa mkono.

Mkurugenzi, Bwana Mponda, alisoma kichwa cha barua, akainuka, akafunga dirisha, ndipo akasema.

"Dada Sikudhani, wewe unataka tule wapi?"

"Kwani nimekosea wapi, Mkurugenzi?"

"Una habari na Tamko?"

Sikudhani alikuwa na habari. Mwezi mmoja nyuma Rais alikuwa akihutubia mkoani, kamera za televisheni zikamnasa mzee mmoja mstari wa mbele mwenye kiraka cha kitambaa cha maua kwenye goti. Rais akaona, akanyoosha kidole, akatamka: "Zama za viraka zimekwisha!" Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Tangu siku hiyo Mchakato ikawa rasmi Nchi Isiyo na Viraka. Wenye suruali zenye viraka wakaamriwa wasikaribie jengo la Serikali kwa hatua mia mbili. Mashimo ya barabarani nayo yakaachwa yapumue, kwa sababu kuyaziba kungekuwa ni kuweka viraka.

"Lakini hiki si cha nguo," Sikudhani alijitetea. "Ni cha programu."

"Kiraka ni kiraka. Mkubwa akiona neno hili na sahihi yangu chini yake, nitahamishiwa idara ya minara ya taa, nami naogopa maji. Tafuta neno jingine."

Akatafuta. Kesho yake aliandika "marekebisho", na barua ikarudi baada ya chakula cha mchana: marekebisho yote ya nchi ni kazi ya Bunge, na Bunge liko likizo. Alhamisi akaandika wazi kwamba anaomba "kuziba tundu". Hiyo ilirudi haraka zaidi, ikiwa imepigwa mhuri mwekundu. *Serikali haina tundu. Afafanue ni nani aliyemwambia.* Alijitahidi kufafanua kwa kurasa mbili. Ijumaa akakumbuka neno zuri alilolisikia kwenye semina, "sasisho". Bwana Mponda alilipenda sana, akalitamka mara tatu akilionja mdomoni, kisha akalipeleka Baraza la Maneno likathibitishwe. Baraza likajibu kwamba limelipokea, linashukuru, na litakutana baada ya miezi miwili kujadili kama wingi wake ni masasisho.

Mama alimsikia akivua viatu jioni hiyo kwa kuvitupa.

"Leo neno gani?" akauliza.

"Sasisho."

"Limetokana na sasa. Neno halali kabisa. Wana shida gani nalo?"

"Hawana shida nalo, mama. Wanataka wingi."

Mwalimu Zaituni akacheka mpaka akakohoa. Sikudhani hakucheka. Siku nne zilikwisha kupita na tundu liko wazi.

Sasa, Serikali ni kubwa, na mkono wake mmoja haujui mwingine unakuna wapi. Ile barua ya kwanza, yenye neno lililolaaniwa, ilikuwa na nakala sita, na nakala ya tano ilikwisha kufika ofisi ya ushauri wa kitaalamu. Huko ofisa mwadilifu aliisoma, akaona inahusu kiraka, akawaandikia watu wanaohusika na viraka. Jumatatu asubuhi akaingia chumba namba kumi na nne mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa Fundi Chiku, Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi Cherehani, aliyetumwa rasmi kumpima Bwana Seva.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza.

Sikudhani akamwonyesha mashine. Fundi Chiku aliizunguka mara moja. Akaizungushia futi, kwa kuwa ametumwa, basi ametumwa. "Kifua sabini na mbili. Mikono hana. Mgongo umenyooka, halali huyu. Haya, vazi limechanika wapi?"

Sikudhani alikuwa amechoka kiasi kwamba alimweleza yote: tundu, kiraka, bahasha, namba thelathini na nane, Bunge, Baraza la Maneno. Fundi Chiku alisikiliza huku akikunja futi yake.

"We mtoto nawe," alisema mwishoni. "Mimi nina miaka ishirini na tano nawashonea waheshimiwa hawa. Unadhani suti zao hazichaniki? Zinachanika kuliko za kwetu, kwa sababu wanakaa sana. Lakini mkubwa hawekewi kiraka. Mkubwa anatiwa nakshi."

"Nakshi?"

"Kitambaa kilekile, tundu lilelile, unapitisha uzi wa dhahabu pembeni. Ukimaliza atakuomba umtie na mgongoni. Andika hivyo, uone."

Sikudhani akaandika: *Ombi la Kuitia Nakshi Seva ya Taifa, kwa Heshima ya Mheshimiwa Waziri.* Barua iliondoka saa tano. Saa sita kasorobo ilikuwa imerudi na mihuri yote mitatu, na mmoja wa ziada ambao hakuna aliyejua ni wa nini. Chini yake Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Majigambo, alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: *Nimekubali kuwa mgeni rasmi. Iwe Ijumaa.*

"Mkurugenzi, haiwezekani iwe leo?" Sikudhani aliomba. "Ni dakika nne tu."

"Hema litasimikwa kwa dakika nne? Kwaya itafanya mazoezi kwa dakika nne? Wewe dada una haraka za ajabu."

Ijumaa ikafika na hema likiwa limesimama. Kwaya ya Wizara iliimba wimbo wa beti kumi na moja uitwao *Seva Yetu Uzima Wetu*. Juu ya meza kuliwekwa kitufe kikubwa chekundu ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote, kwa usalama wa Waziri. Mashahidi watatu walikwisha kuikata bahasha kwa wembe mpya, na Sikudhani alikuwa ameketi mbele ya kioo na neno la siri zima, akisubiri ruhusa.

Mheshimiwa Majigambo alishika kipaza sauti. "Wapo wanaosema seva ni mashine. Mimi nawauliza, mashine ni nini?" Makofi. "Mashine ni Taifa lililochomekwa kwenye umeme!" Umeme ukakatika, ukarudi. Afisa itifaki alinong'ona kwamba nao umepiga makofi. Waziri akaendelea kwa saa moja na robo, akagusia mababu, akagusia nyota, akabonyeza kitufe. Sikudhani naye akabonyeza chake.

Kwenye kioo kikatokea: *Kiraka hiki kimeshawekwa. Hakuna cha kufanya.*

Bwana Mponda, aliyekuwa ameinama begani kwake, alisoma sentensi ya pili tu. Akageuka akatangaza kwa sauti kuu, "Mashine inasema hakuna cha kufanya!"

"Hiyo ndiyo Serikali makini!" Waziri alijibu, na watu wakaenda kula pilau.

Sikudhani hakwenda. Alifungua kumbukumbu za mlangoni, ambamo seva huandika kila anayeingia na anachofanya, akasoma. Ijumaa ya juma lililopita, siku ileile aliyokuwa akihangaikia wingi wa sasisho, mtu alikuwa amebisha hodi kwa maneno yaliyopindapinda, akaingia. Alijiandikisha kwa jina la *mgeni*. Na jambo la kwanza alilofanya huyo mgeni baada ya kuingia lilikuwa kuweka kiraka, maana mwizi mzoefu akishaingia hufunga mlango ili mwizi mwingine asimfuate. Kisha akatulia, akaanza kujipikia. Alikuwa amewapa vyeti vya kidato cha nne watu mia mbili. Alikuwa amewafufua marehemu kumi na sita. Na kwenye foleni ya macho alikuwa amepachika majina ishirini na matatu mapya juu kabisa.

Mwalimu Zaituni alikuwa namba sitini na moja.

Hasira ambayo Sikudhani huimeza na chai ilimpanda mpaka masikioni. Daktari alikuwa anafika Jumatatu. Alimfuata Bwana Mponda kwenye hema, akamkuta na mfupa mkononi.

"Mkurugenzi, kuna mwizi ndani ya seva."

"Hayupo."

"Nimemwona."

"Dada Sikudhani, Waziri ameshahutubia. Seva imetiwa nakshi, taarifa itasomwa usiku, picha zimepigwa. Huyo mwizi aliingia lini, na kwa idhini ya nani, katika nchi isiyo na tundu? Kula pilau."

Sikudhani alisimama pale akiangalia pilau. Akamkumbuka Fundi Chiku na uzi wake. Akarudi ofisini, akavuta karatasi, na safari hii neno mwizi hakuliandika popote.

*Taarifa ya Kazi Iliyofanyika Bila Idhini,* aliandika. *Napenda kuripoti kwamba Ijumaa ya juma lililopita mtu asiye na barua ya uteuzi, asiyesaini daftari la mahudhurio na ambaye hajahudhuria kikao hata kimoja, aliweka kiraka kwenye Seva ya Taifa. Alitumia dakika nne.*

Waziri aliisoma akiwa na kijiko mdomoni, akakitoa.

"Kiraka?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Bila kikao?"

"Hata kimoja."

"Dakika *nne*?" Mheshimiwa Majigambo alitetemeka mashavu. Wizi anaufahamu, amekua nao. Lakini mtu kufanya kazi ya Serikali bila kikao, bila posho, tena akaimaliza, hilo hakuwahi kulisikia tangu aapishwe. "Huyu anataka kutuonyesha sisi hatufanyi kazi! Aondolewe! Na kiraka chake kiondolewe leo hii, mbele ya mashahidi!"

Hivyo saa tisa alasiri Sikudhani aliketi tena mbele ya kioo, mashahidi watatu nyuma yake wakinuka pilau. Alimtoa mgeni, akafunga kila kijidirisha alichokuwa amejitobolea, akarudisha nakala ya foleni ya Alhamisi, siku moja kabla mgeni hajaingia. Akakitoa kiraka, kama alivyoamriwa.

"Kimeondolewa?" shahidi wa kwanza aliuliza.

"Kimeondolewa."

Mashahidi wakageukia meza kujaza hati ya uondoaji, wakabishana kuhusu tarehe. Sikudhani alikitazama kioo. Tundu lilikuwa wazi tena, sasa kwa amri ya Waziri. Angeweza kuinuka akaenda nyumbani bila doa lolote, na kabla ya Jumatatu mgeni mwingine angekuwa amevua viatu humo ndani. Aliwaza watu arobaini wa kwenye orodha, ambao hakuwajua ila mmoja. Aliogopa, hilo alikiri baadaye bila haya. Kisha akakichukua kiraka kilekile kutoka kwa wale watu wa ng'ambo, akakiweka. Mashahidi walikuwa bado kwenye tarehe.

Mchakato husemwa vibaya kwamba kila kitu chake huchelewa. Si kweli. Kiraka cha pili kilionekana kwenye kumbukumbu za seva, na kamati ya kukichunguza iliundwa Jumatatu, ikakaa Jumanne, ikamhoji Sikudhani Jumatano.

"Ni nani aliyeweka hiki?" aliuliza Bwana Mponda, aliyekuwa mwenyekiti.

"Mimi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Hakuna."

Walishangaa kidogo, maana walikuwa wametenga wiki sita za kutafuta jibu hilo. Alhamisi wakati kamati inaandika hukumu, Mwalimu Zaituni, namba thelathini na nane, aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa anamfundisha muuguzi tofauti ya *kupasua* na *kupasuka*.

Ijumaa asubuhi Sikudhani alifika wodini akiwa na chapati kwenye kopo na bahasha ya Serikali kwenye mkoba. Alipewa getini pa Wizara, wakamwambia asiingie. Hakuwa ameifungua. Muuguzi alikuwa anamaliza kulibandua bandeji jicho la kulia la mama, akamfuta taratibu kwa pamba, akamvalisha miwani.

Mwalimu Zaituni alifumba, akafumbua. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kutoka kwenye kilemba mpaka viatu.

"Umekonda," alisema. "Na hiyo blauzi nani alikuchagulia?"

Sikudhani alifungua mkoba kutafuta kitambaa, bahasha ikachungulia.

"Hiyo barua ni ya nani?"

"Yangu, mama. Tuiache. Nadhani nimefukuzwa kazi."

"Lete."

"Mama, macho yako leo ndiyo kwanza..."

"Lete, nimesema. Miaka mitatu nasomewa. Leo nasoma mimi."

Akaichana bahasha kwa kidole, akaikunjua karatasi, akaiweka mbali kidogo, akaisogeza. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kusikiliza. Mwalimu akasoma kwa sauti ile ya darasani, bila kukwama, na alipofika mstari wa tano akasimama.

"'Umeachishwa kazi kuanzia leo kwa kosa la kuweka *kilaka* kwenye Seva ya Taifa.'" Akainua uso. "Kilaka?"

"Kiraka, mama."

"Nasoma kilichoandikwa. Ki-la-ka. Kilaka ni nini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui, na nimefundisha lugha hii tangu huyu Mkurugenzi wako hajavaa kaptura. Mwanangu, umefukuzwa kwa kosa ambalo halimo katika kamusi." Akaendelea kushuka na karatasi, akitikisa kichwa. "'Idhini' kaiandika kwa zeta. Nukta hakuna. Na hapa chini kuna nakala kwa watu sita, sita wote wamepitisha. Muuguzi! Nipatie kalamu nyekundu, mama."

Muuguzi alikuwa nayo, ya kujazia chati za joto. Mwalimu Zaituni aliweka barua juu ya goti, akazungushia *kilaka* duara, akatia *dh* juu ya zeta, akaweka nukta moja baada ya nyingine mahali pake. Chini kabisa, kando ya mhuri wa Jamhuri, akaandika RUDIA, akaipigia mistari miwili.

Sikudhani aliiangalia ile mistari. Yote miwili ilikuwa imenyooka, na umbali kati yake ulikuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa furaha mbele ya wodi nzima, huku mama akimuuliza kama amekuja na kitu cha kula au amekuja na barua tu.